Majimbo ya Marekani yanaponunua dawa pamoja, na swali linalobaki kwa hospitali zetu

Mwisho wa mwaka 2013 kampuni ya Gilead ya Marekani ilianza kuuza dawa mpya ya homa ya ini aina ya C, inayoitwa Sovaldi. Kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, na mgonjwa alihitaji kimoja kila siku kwa majuma 12. Jumla yake ni dola 84,000 kwa mtu mmoja. Mwaka uliofuata serikali ya Misri, nchi iliyokuwa na wagonjwa wengi mno wa homa hiyo, ilipata dawa ile ile, ya kampuni ile ile, kwa dola 300 kwa mwezi, yaani dola 900 kwa matibabu yote.

Wapendwa, tusiharakishe kusema kwamba ilikuwa huruma tu. Ni kweli kwamba kampuni za dawa hupanga bei kufuatana na uwezo wa kila nchi. Lakini Misri ilikaa mezani ikiwa mnunuzi mmoja, na wagonjwa wa nchi nzima walikuwa nyuma yake. Tena ilikuwa na viwanda vyake vyenye uwezo wa kutengeneza dawa hiyo, na baadaye vikaitengeneza kweli. Muuzaji alijua kwamba mteja huyu anaweza kuinuka na kwenda zake. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na mnunuzi wa namna hiyo.

Kuna watakaouliza kwa nini mchungaji wa Kivu anahangaika na bei za dawa za Marekani wakati hapa hata dawa ya malaria ya mtoto inatafutwa kwa shida. Sababu ya kwanza ni ndugu zetu. Karibu kila parokia ya upande huu ina jamaa waliohamishiwa Iowa, Kentucky, Michigan, Ohio au Maine, na simu zao zinatuletea malalamiko tusiyoyaelewa vizuri: mtu ana kazi, ana nyumba, ana gari, lakini analia juu ya bei ya insulini. Sababu ya pili iko karibu zaidi. Hospitali na vituo vya afya vya makanisa yetu vinanunua dawa, kila kimoja kivyake, kutoka depo hii na ile. Majimbo ya Marekani yamejaribu kwa zaidi ya miaka 20 kuacha kununua kila moja kivyake. Yamefaulu mahali fulani na kushindwa mahali pengine, na yote mawili yanatuhusu.

Nchi tajiri isiyo na mnunuzi mmoja

Kwanza tuelewane juu ya neno. Jimbo la Marekani si kama mkoa wetu. Lina bunge lake, mahakama zake, kodi zake na gavana anayechaguliwa na wananchi wenyewe. Kila jimbo linaendesha Medicaid yake, yaani bima ya afya ya watu wenye mapato madogo. Serikali kuu inalipa nusu ya gharama au zaidi, na jimbo linalipa sehemu iliyobaki. Wengi wa ndugu zetu waliotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale walianza maisha kule wakiwa na kadi hiyo mkononi.

Wazee wana bima yao, Medicare, inayoendeshwa na serikali kuu. Mwaka 2003, bunge la Marekani lilipoingiza dawa za nyumbani katika Medicare, liliandika ndani ya sheria kwamba serikali isiingilie mazungumzo ya bei kati ya watengenezaji wa dawa na kampuni za bima. Mnunuzi aliyeweza kuwa mkubwa kuliko wote akajifunga mdomo mwenyewe. Ilichukua miaka 19, hadi sheria ya 2022 chini ya Rais Biden, kuufungua mdomo huo, tena kwa dawa chache tu. Bei za dawa 10 za kwanza zilizojadiliwa zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026.

Majimbo hayakuweza kungoja muda wote huo. Serikali kuu inaweza kukopa mwaka hadi mwaka, lakini karibu kila jimbo linabanwa na sheria zake lisitumie zaidi ya linachokusanya. Bei ya dawa ikipanda, fedha zinatolewa kwenye shule, au kwenye barabara, au orodha ya wanaosaidiwa inapunguzwa. Kwa hiyo walioanza kutafuta njia ni magavana na wabunge wa majimbo, wa chama hiki na cha kile, kwa sababu hesabu haijali chama.

Mnunuzi asiyeweza kukataa

Tangu mwaka 1990 kuna mapatano ya kisheria. Kampuni inayotaka dawa zake zilipiwe na Medicaid lazima irudishe sehemu ya bei. Kwa dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la kampuni, marejesho hayo leo si chini ya asilimia 23.1 ya bei ya wastani ya kiwandani. Ni punguzo kubwa. Lakini mapatano yana upande wa pili: jimbo nalo linawajibika kulipia karibu kila dawa ya kampuni hiyo. Haliwezi kusema, "Hii ni ghali mno, iacheni."

Mama yeyote anayenunua kitenge sokoni anajua maana yake. Muuzaji akishajua kwamba huwezi kuondoka bila kile kitenge, bei imekwisha kupangwa.

Majimbo yakabuni njia nyingine. Kama huwezi kuifungia dawa mlango, unaweza kuifanyia mlango mwembamba. Jimbo linaandika orodha ya dawa zinazopendelewa. Dawa iliyo kwenye orodha, daktari anaiandika na mgonjwa anaipata siku hiyo hiyo. Ile isiyo kwenye orodha, daktari lazima aombe ruhusa kwanza, ajaze karatasi na kungoja jibu. Madaktari hawapendi karatasi, kule kama huku, basi wanaandika iliyo kwenye orodha. Kampuni inayotaka kuingia kwenye orodha inaongeza marejesho juu ya yale ya lazima.

Maine, jimbo dogo la kaskazini lenye watu kama milioni 1.4, liliisukuma njia hiyo mbali. Sheria yake ya mwaka 2000 ilisema kwamba jimbo litadai punguzo pia kwa wakaaji wasio na bima ya dawa, na kampuni itakayokataa, dawa zake katika Medicaid zitapitia ule mlango mwembamba. Chama cha kampuni za dawa kilienda mahakamani kabla sheria haijaanza kazi. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 2003 majaji wengi wakaondoa zuio lililokuwa limeisimamisha sheria hiyo. Tangu hapo majimbo mengine yalijua kwamba kuna nafasi ya kusogea.

Jimbo dogo likiwa peke yake bado ni dogo, na kidole kimoja hakivunji chawa. Michigan na Vermont zikaunganisha mazungumzo yao, na Aprili 2004 serikali kuu ikayaidhinisha majimbo 5 kufanya hivyo: Michigan, Vermont, New Hampshire, Alaska na Nevada. Muda mfupi baadaye Iowa, Maine na Vermont zikaunda ushirika mwingine ambao majimbo yenyewe yanauongoza. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yamo katika ushirika mmoja au mwingine wa namna hii.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Tazameni ramani: Alaska iko kwenye barafu ya kaskazini, Nevada ni jangwa, na Vermont iko upande wa pili wa bara. Hazikujenga ghala la pamoja, wala hakuna lori linalotoka Michigan kupeleka vidonge Alaska. Kila jimbo liliendelea na farmasi zake, wasambazaji wake, hata orodha yake. Walichounganisha ni mazungumzo na mkataba. Mtu mmoja anaongea na kampuni kwa niaba ya wote, na kila jimbo linaamua kama linakubali bei iliyopatikana. Tena jimbo linaloweka kwenye orodha yake dawa zile zile walizochagua wenzake ndilo linalofaidi zaidi, maana kampuni inaona wateja wa kweli. Jimbo linalotaka bei ya wote lakini orodha yake mwenyewe linapata makombo.

Minnesota ilikuwa imeonyesha njia mapema zaidi, tangu 1985, kwa ushirika wa kununulia dawa taasisi za umma: hospitali za serikali, magereza, zahanati za vyuo vikuu. Leo majimbo yote 50 ni wanachama wake. Oregon na Washington nazo zilianzisha ushirika karibu miaka 20 iliyopita, ambao sasa unaitwa ArrayRx, na Nevada na Connecticut zikaingia baadaye. Ushirika huo unatoa kadi ya bure ya punguzo kwa mkaaji yeyote wa jimbo mwanachama, awe na bima au asiwe nayo. Wenye jamaa katika majimbo hayo wawaambie waiulize farmasi. Haigharimu kitu kuuliza.

Pesa iliyopotelea njiani

Mtu akisikia habari hizi anaweza kudhani kwamba adui ni mtengenezaji tu. Ohio ilijifunza jambo lingine.

Kati ya anayelipa na farmasi inayotoa dawa, Wamarekani wana kampuni za kati zinazopanga orodha, kudai marejesho na kulipa farmasi. Kubwa 3, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, zinashughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zote zinazoandikwa na madaktari nchini. Nia ya mwanzo ilikuwa njema: kukusanya wagonjwa wengi ili kupata bei nzuri, jambo lile lile tunalolisifu hapa. Mwaka 2018 mkaguzi wa hesabu wa Ohio alitazama vitabu vya Medicaid ya jimbo lake. Akakuta kwamba kwa mwaka mmoja kampuni za kati zilidai kutoka upande wa jimbo zaidi ya dola milioni 224 kuliko walizolipa farmasi kwa dawa zile zile. Tofauti hiyo ilibaki mifukoni mwao. Wakati huo huo wenye farmasi ndogo za vijijini walikuwa wakilalamika kwamba wanalipwa chini ya gharama.

Iliwezekana kwa sababu bei halisi ilikuwa siri. Jimbo liliona namba moja, farmasi iliona namba nyingine, na aliyekaa katikati peke yake ndiye aliyeziona zote mbili. Ohio ikabadilisha mpango: tangu Oktoba 2022 Medicaid yake inatumia msimamizi mmoja tu wa dawa, anayelipwa ada inayojulikana badala ya kula tofauti. Kentucky ilikuwa imetangulia mwaka 2021.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu huku kwetu maneno "tununue pamoja" yanapendwa sana, na wa kwanza kuyapenda mara nyingi ni yule atakayekaa katikati. Kikapu cha pamoja bila macho ya wote ni nafasi nzuri ya dalali. Hata katika ushirika wa majimbo tatizo hili halijaisha: sheria inalinda siri ya marejesho ya kila kampuni, kwa hiyo raia wa Iowa hana njia ya kujua jimbo lake lililipa nini hasa kwa dawa fulani.

California inajaribu kwenda mbali

California ni kubwa kiasi kwamba ikijikusanya yenyewe inatosha kuwa ushirika. Medicaid yake ina watu zaidi ya milioni 14. Gavana Gavin Newsom, siku yake ya kwanza kazini, Januari 2019, alitia sahihi agizo la kuondoa dawa za Medicaid mikononi mwa kampuni nyingi za bima na kuziweka chini ya mpango mmoja wa jimbo. Ulianza Januari 2022, na majuma ya kwanza yalikuwa machungu: simu hazikujibiwa, ruhusa zilichelewa, kuna wagonjwa walioondoka farmasi mikono mitupu. Wanaoona umoja kama kitu cha kutangaza tu kwenye kikao wakumbuke majuma hayo.

Hatua ya pili ilikuwa na ujasiri zaidi. Kama wauzaji wachache wanashika soko, mnunuzi atafute wa kumtengenezea. Machi 2023 California ilitia sahihi mkataba wa dola milioni 50 na Civica ili kupata insulini ya jimbo. Iliahidiwa mapema, ikachelewa, na kalamu za kwanza zikatoka Januari 2026, boksi la kalamu 5 kwa dola 55. Kuchelewa huko hakukuwa hasara tupu. Mwezi ule ule wa mkataba, watengenezaji wakubwa wa insulini walikuwa wakitangaza kushusha bei zao kwa asilimia 70 na zaidi kwa baadhi ya aina. Walikuwa na sababu nyingine pia za kufanya hivyo, za kisheria na za kodi, lakini mteja aliyesema hadharani kwamba anakwenda kwingine hakudharauliwa.

Hiyo Civica inastahili maneno mawili. Si kampuni ya wenye hisa. Iliundwa mwaka 2018 na mitandao ya hospitali iliyochoka kukosa dawa za sindano za kawaida kabisa, na miongoni mwa waanzilishi ilikuwemo mitandao kadhaa ya hospitali za Kikatoliki. Hospitali mwanachama inaahidi kwa mkataba wa miaka kiasi cha dawa itakachonunua. Kwa ahadi hiyo kiwanda kinapata ujasiri wa kutengeneza. Na bei ni moja kwa wote: hospitali kubwa ya mjini na ile ndogo ya shambani zinalipa sawa.

Louisiana nayo ilifanya mapatano ya aina yake Julai 2019 juu ya homa ya ini C: ada isiyobadilika kwa miaka 5, na dawa kadiri wagonjwa wanavyopatikana, katika Medicaid na katika magereza. Siku ile mfungwa, ambaye kwa kawaida ni wa mwisho katika kila mstari, aliacha kuwa gharama ya nyongeza.

Mahali mkataba hauvuki

Kuna dawa ambazo kuungana kunasaidia kidogo tu. Ikiwa dawa ni moja, mtengenezaji ni mmoja na mgonjwa hana nyingine, wanunuzi 30 wasioweza kukataa bado ni watu wasioweza kukataa. Orodha inafanya kazi pale penye dawa 2 au 3 zinazofanana.

Mfano unaotugusa ni selimundu, ambayo wengi huku wanaiita SS au drepano. Baada ya Nijeria, nchi yetu na India ndizo zinazohesabiwa kuwa na watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba 2 za kubadilisha chembe za urithi, moja kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, nyingine milioni 3.1. Hakuna jimbo linaloweza kuzijadili peke yake. Kwa hiyo safari hii serikali kuu yenyewe iliongea na kampuni kwa niaba ya majimbo, na Julai 2025 ikatangaza kwamba majimbo 33, pamoja na mji mkuu na Puerto Rico, yameingia. Sehemu ya malipo inategemea matokeo: tiba isipofanya kazi kwa mgonjwa, kampuni inarudisha fedha.

Sitaki kumtia mzazi wa Beni au Uvira uchungu bure. Kwake swali la leo ni hidroksiurea, dawa ya vidonge ya zamani inayopunguza maumivu na kulazwa, isiyo na mmiliki anayeizuia, na ambayo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hiyo haihitaji mazungumzo ya mamilioni. Inahitaji mtu anayejua ni watoto wangapi watakaoitumia mwaka mzima na kuiagiza kwa jumla, badala ya kila mzazi kuzunguka farmasi za mji na karatasi mkononi.

Kabla ya kurudi nyumbani, neno moja kwa wenye jamaa kule. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 inapunguza fedha za Medicaid. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 inawaondoa katika mpango huo wakimbizi wengi ambao hawajapata bado hati ya ukaaji wa kudumu. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba hati hiyo baada ya mwaka mmoja nchini. Aliyeahirisha kwa sababu ya karatasi nyingi aambiwe kwamba sasa dawa zake zinategemea karatasi hizo. Nayo majimbo yatakuwa na watu wachache zaidi kikapuni yatakapoongea na kampuni.

Upande wetu

Sisi hatuanzi na mikono mitupu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 Kongo ina mfumo wa kitaifa wa dawa muhimu: shirikisho la FEDECAME linaratibu ununuzi, na vituo vya mikoa vinasambaza. Kivu ya Kaskazini ina ASRAMES huko Goma. Bukavu ina depo ya CEPAC, kazi ya kanisa la Kiprotestanti. Kwa majirani, Wakatoliki na Waprotestanti wa Uganda waliungana mwaka 1979 kuanzisha ghala lao la pamoja la dawa. Wale wa Kenya walifanya hivyo mwaka 1986, na MEDS yao ina maabara inayopima dawa kabla hazijafika kwa mgonjwa.

Hiyo maabara si anasa. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, huko Ituri, watu zaidi ya 1,000 walipata mkazo wa ajabu wa shingo, uso na ulimi. Mwanzoni walidhaniwa kuwa na uti wa mgongo. Vidonge walivyopewa viliandikwa diazepam, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa nyingine kabisa. Vilikuwa vya bei nafuu, vilipatikana, na viliingia hadi kwenye vituo vya afya. Watu 11 walikufa. Muuguzi aliyevinunua hakuwa mwovu. Alikuwa peke yake mbele ya muuzaji, bila njia ya kujua.

Basi kwa nini vituo vyetu vingi bado vinakwepa mnunuzi wa pamoja? Sababu zinajulikana. Dawa imekosekana ghalani, na mgonjwa hawezi kungoja. Depo ya jirani inakopesha. Mara nyingine depo hiyo inatoa bahasha kidogo kwa anayeagiza. Kila kituo kinachotoka kinapunguza kiasi kinachoagizwa, bei inapanda kwa waliobaki, nao wanatoka. Nimeshakaa katika vikao ambapo ripoti ya dawa inasomwa dakika 5, baada ya saa nzima ya mabati ya kanisa. Bei iliyolipwa kwa amoksisilini haitajwi, na hakuna anayeuliza.

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wengi wanasema kwamba mazungumzo ya kununua pamoja yamekufa, maana benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na ghala la mji mmoja halifikii kwa urahisi Beni, Butembo au Uvira. Siafiki, na ndiyo sababu nilikaa juu ya ramani ya Alaska na Vermont. Ghala moja kwa mashariki yote ni kweli haliwezekani leo. Mkataba mmoja unawezekana. Hospitali za CBCA, CEPAC, CECA-20, Waanglikana na Wamethodisti zinaweza kukubaliana orodha moja ya dawa, tuseme 40 zinazotumika kila siku. Kila moja ihesabu kwa uaminifu mahitaji yake ya mwaka, kisha ziombe bei moja kwa pamoja, shehena zikipokelewa sehemu tofauti: upande mmoja kupitia Kampala na Kasindi, upande mwingine kupitia Bujumbura au Kigali, kadiri mipaka inavyoruhusu. Wasambazaji wa mikoa tulio nao wanaweza kupewa kazi hiyo, kwa ada iliyoandikwa, si kwa tofauti iliyofichwa.

Bei hiyo ibandikwe ukutani kwenye kila kituo, pale muumini anapoweza kuisoma. Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalemu alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, pasiwe na wa kumlaumu juu ya fedha zile. Kamati ya dawa yenye mwakilishi wa kila jumuiya, mfamasia na mama mmoja anayejua kuhesabu ingefanya kazi hiyo vizuri kuliko barua nyingi za kutuhimiza.

Pagumu kuliko pote ni deni na ukubwa. Kituo kinachohudumia wakimbizi wa vita bila malipo hakiwezi kulipa kwa wakati, na muuzaji asiyelipwa hatoi bei nzuri mara ya pili. Hospitali kubwa ya mjini, yenye wafadhili na jina, inapata bei nzuri hata leo ikiwa peke yake. Kuiomba ikae kikapu kimoja na kituo cha Walikale chenye vitanda 10, kwa bei ile ile, ni kuiomba ibebe sehemu ya deni la mwingine, angalau mwaka wa kwanza. Wawakilishi wa kisheria wa jumuiya zetu ndio wenye sahihi ya kukubali au kukataa jambo hilo, na bajeti za mwaka ujao ziko mezani kwao.